Goti la Mume Wangu

Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini na sita, na ugonjwa wa mwalimu wa darasa la tatu ni kujua kabla ya kuambiwa. Mtoto akichelewa, umeshajua alikuwa wapi. Madaftari mawili yakifanana makosa, umeshajua nani kamwangalizia nani. Mara nyingi unapatia, na ndiyo maana tabia yenyewe haikutoki. Nilistaafu nayo nikaja nayo nyumbani, na nyumbani aliyebaki wa kusahihishwa alikuwa mume wangu peke yake, kwa sababu watoto wetu wote wameshapata kwao.

Nayasema haya mapema ili huko mbele mtu asije akanionea huruma.

Sie ni watu wa bara. Tulikuja Dar vijana, tukapanga Temeke miaka mingi, kisha tukajenga hapa Chang'ombe, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Mume wangu alikuwa karani katika yadi moja ya makontena kule Kurasini. Kazi yake ilikuwa kusimama getini na kunakili namba za makontena yanayoingia na yanayotoka, jua liwake, mvua inyeshe. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito. Kugombana hajui. Ukimfokea anakuangalia mpaka umalize, halafu anauliza kama chai ipo. Mtu wa namna hiyo anachosha, jamani, usione hivi.

Zamani alikuwa anakunywa. Sisemi kuonja, nasema kunywa. Siku ya kipaimara ya binti yetu wa kwanza alitoka nyumbani alfajiri amevaa suti, akapitia anakokujua mwenyewe, akafika kanisani misa inakwisha, upande mzima wa suti umejaa tope la mtaroni, na akataka kumkumbatia mtoto mbele ya watu wote. Yaliyofuata sitaki kuyaeleza. Jioni ile alisimama kwenye mlango wa jiko akaniambia haonji tena, na haki ya Mungu hakuonja tena. Ilipita miaka kumi na minane. Mie nilimwamini, lakini nilimwamini kama mtu anayelala na jicho moja wazi.

Jumamosi moja mwenzake wa zamani wa kazini alikuwa anastaafu, wakamwalika kwenye sherehe ya kumuaga kule Kurasini. Alirudi kabla jua halijazama, amechangamka kuliko kawaida yake, na shati linanuka bia. Akasema mhudumu alijikwaa akammwagia. Nilipokea shati, nikalinusa kwa mara ya pili akiwa ananitazama, nikalitumbukiza kwenye beseni.

Kesho yake, Jumapili, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali ya kanisani imeishia magotini. Mguu wa kushoto ulikuwa umepita. Wa kulia ulikataa. Goti lilikuwa limevimba hadi sura yake ya goti imepotea, ngozi imevutika inang'aa, na ukisogeza kiganja karibu unasikia joto lake kabla hujaligusa. Alikuwa na miaka sitini na minane na sikuwahi kumwona akilia kwa maumivu. Hakulia hata siku hiyo, ila shuka lilipomgusa alifumba macho akatulia kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama ameanguka. Akasema hapana. Nilimuuliza mara ya pili kama ameanguka, kwa sauti ile ya darasani, na nadhani alielewa ninachouliza hasa.

Jumatatu tulikwenda zahanati moja ya mtaani. Tabibu alikuwa kijana mchangamfu mwenye haraka. Alilitazama goti akiwa amekaa kwenye kiti chake, akaagiza damu ipimwe kiwango cha asidi ile inayosababisha gauti. Majibu yakaja yamepanda kidogo. Akasema basi, hii ni gauti, na akamuuliza mume wangu kwa wiki anakunywa bia ngapi.

Mume wangu akasema hanywi.

Tabibu akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Wazee wote mkija na mama mnasema hivyohivyo."

Gauti kwa watu wa mjini ni neno lenye kitambi. Ukilitaja tu, mtu ameshaona meza ya baa, sahani ya mbuzi choma na chupa zimepangwa mstari. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kizaramo aliyezaliwa hukuhuku, huiita jongo, na hata yeye nilipomwambia aliguna akasema hayo ndiyo maradhi ya wenye raha zao. Mie nilikuwa na shati linalonuka, nilikuwa na goti lililovimba kesho yake, na sasa nilikuwa na karatasi ya maabara. Nilishamaliza kusahihisha. Njiani kurudi sikumsemesha, na tulipofika nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka kila neno: "Umejitakia mwenyewe. Jihudumie."

Na alijihudumia. Tabibu alimpa vidonge na orodha ya vyakula vya kuacha: nyama, maharage, dagaa, na pombe, hiyo ya mwisho imepigiwa mstari. Nilibandika orodha ile ukutani jikoni. Nikampikia mchicha na ugali, ugali na bamia, wiki nzima, nikajiona mke mwema. Lakini goti sikuligusa. Alikuwa anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta, anajikokota hadi jikoni, anachemsha maji yake, anarudi na sufuria mkono mmoja na ukuta mkono wa pili, anajikanda peke yake. Mie nakaa sebuleni nasikia ile sufuria ikigonga sakafu kila anapopumzika. Ningeweza kuinuka. Sikuinuka.

Nilianza pia kunusa vikombe. Mwanzoni nikidhani haoni. Hata goti lilipokuja kupoa sikuacha, na siku moja aliporudi kutoka kinyozi, kabla sijasema neno, alinipa mfuko wake wa rambo mkononi ili niukague, kisha akapita kwenda kulala. Ndani mlikuwa na wembe na sabuni. Nilikasirika zaidi, maana mtu asiye na hatia, nilijiambia, angekuja juu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumuiya yetu ya kanisani hukutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tunasoma neno, tunaimba kidogo, halafu kiongozi anauliza nani ana ombi. Hapo kila mtu anataja alilonalo: mgonjwa, safari, mtoto anayefanya mtihani. Ni kitu kizuri, sisemi sicho. Lakini sie wanawake wa jumuiya tunajua kwamba lipo jambo ambalo ukilisema dukani ni umbeya, na ukilisema kwenye maombi ni imani. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya kwetu. Watu kama kumi na watano walikuwa wamekaa sebuleni, na mume wangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia, mguu juu ya mto, kwa sababu hakuweza kutoka.

Kiongozi alipouliza, nilisimama. Nikasema, "Naomba tumwombee mwenzangu. Kuna mambo ya zamani yamerudi ndani ya nyumba hii, na sasa mwili wake umeanza kuyasema."

Sikutaja pombe. Haikuhitajika. Niliona vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine, na mama mmoja akanishika mkono akanibana vidole kwa huruma. Ilikuwa tamu, huruma ile. Sitasema uongo. Wakaomba, wakataja vifungo vya giza na kiu ya dunia, na waliposema amina nilisikia nyuma ya pazia sauti nzito ya mume wangu ikisema amina pamoja nao. Nikachukulia kwamba amekiri.

Baada ya siku saba hivi goti lilinywea. Akaanza kutembea, akarudi jumuiyani. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa anapewa sala ya kufunga, kwa sababu ya sauti yake. Jumamosi ya kwanza alipewa mtu mwingine. Ya pili vilevile. Ya tatu mzee mmoja alimpa kijitabu kuhusu vileo na nyumba ya Mkristo, akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nyumbani alikiweka juu ya redio. Nilitegemea atanisema. Akauliza kama chai ipo.

Miezi minne ikapita. Mwezi wa tano mume wangu aliugua homa ya mafua, akalala ndani wiki nzima na siku kadhaa juu yake. Katika siku hizo hakuvuka geti. Mie ndiye niliyempa kila kikombe alichokunywa na kila tonge alilokula. Na katika siku hizohizo, asubuhi moja, kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba. Kilivimba vilevile kama goti, chenye joto vilevile, ngozi inang'aa vilevile.

Nilisimama nikakitazama kile kifundo kama hesabu iliyokataa kutoka. Nikapekua chini ya kitanda. Nikapekua nyuma ya tangi la maji, juu ya kabati, ndani ya viatu vyake vya zamani vya kazini. Nilikuwa naomba nipate chupa, Mungu anisamehe. Nilitaka nipate chupa kuliko nilivyotaka mume wangu apone.

Jioni nilimkuta amelala na shati lake la mchana, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Mkono ule haukuweza kufungua kifungo. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akasema hakutaka kunisumbua. Kitanda ni kimoja, chumba ni kimoja, na mtu mliyeoana naye miaka arobaini anaona bora alale kanyongwa na kola kuliko kukuita. Nilimfungua vifungo vile kimoja kimoja.

Siku mbili baadaye goti lile la kulia likarudi, na safari hii na homa kali. Alitetemeka hadi kitanda kikawa kinalia. Jirani yangu Mzaramo alikuja kuazima kinu, akapiga hodi, akaingia, akamwona. Hakuniuliza habari za raha. Aliniambia, "Mwalimu, mtu kiungo kinamwaka na homa juu, wewe unangoja nini? Mtie kwenye gari." Akatoka mwenyewe kutafuta bajaji.

Tukaenda hospitali kubwa. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Alituamkia shikamoo kila mmoja kwa zamu yake, akavuta kiti akakaa chini kuliko kitanda, akaliweka goti kati ya viganja vyake viwili. Alilipapasa taratibu, akalibonyeza pembeni akaangalia jinsi maji yanavyohama ndani yake. Akashika na goti la pili lisiloumwa ili alinganishe. Akauliza lilianza lini, kwa ghafla au polepole, ni kiungo gani kimewahi kuvimba kabla, kama kidole gumba cha mguu kiliwahi kuuma. Hakiwahi. Akauliza kabla ya haya alikuwa anaumwa nini. Pombe aliuliza pia, katikati ya maswali mengine, kama anavyouliza chumvi.

Mume wangu akasema hanywi. Daktari akaandika hanywi, akaendelea na swali linalofuata.

Sijui niseme vipi nilivyojisikia nilipoiona ile kalamu ikiandika. Ilikuwa ni neno moja tu. Mie ningehitaji kunusa kwanza.

Nilitoa karatasi ya zahanati, nikamwambia hii ni gauti, damu imeshapimwa. Aliisoma kwa heshima. Kisha akatueleza kwamba damu peke yake haitoshi, maana wapo watu wengi ambao asidi hiyo imepanda na hawana gauti, na wapo wenye gauti yenyewe ambao siku linapouma damu inasoma kawaida. Akasema goti lenye joto na homa linaweza kuwa mambo matatu tofauti: usaha, ambao ukichelewa unaharibu kiungo na unaweza kuua mtu, au gauti, au ndugu yake gauti. Yote matatu kwa nje yanafanana. Namna ya kuyatenganisha ni kuchukua maji ya ndani ya goti na kuyaangalia.

Mtaani kwetu kila mtu anajua kwamba goti likitolewa maji linakauka na mtu hatembei tena. Nilisema hapana kabla mgonjwa hajaulizwa. Daktari akanisikiliza hadi mwisho, halafu akamgeukia mume wangu akamuuliza yeye. Mume wangu akasema, "Chukua mwanangu. Mimi nataka kujua."

Nilikuwepo. Alilisafisha goti kwa dawa, akachoma ganzi pembeni, kisha sindano ndefu zaidi ikaingia. Mume wangu alishika chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wenye kifundo kibovu, ulikuwa wazi juu ya shuka, na nilitamani kuushika, nikaogopa kumuumiza, au nikaogopa kwamba atautoa. Maji yakaanza kupanda ndani ya bomba la sindano. Yalikuwa ya manjano yenye ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Yalitoka mengi, na kadiri yalivyotoka uso wake ulikuwa unafunguka.

Daktari aliyagawa kwenye vichupa. Kimoja kikaenda kutafutwa vijidudu, na kingine kikaenda kwenye hadubini yenye vioo maalumu vya kuchuja mwanga, ambayo alisema si kila maabara inayo. Picha ya eksirei ikapigwa. Tukasubiri kwenye benchi la korido, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mie pembeni. Palikuwa na saa ukutani na niliisoma kila dakika. Nilikuwa najua kitu kimoja wazi kabisa: nikiambiwa ni gauti, nitaendelea kuwa mwalimu. Nikiambiwa sio, sijui nitakuwa nani.

Alasiri daktari akatuita. Akaiweka ile picha kwenye mwanga. Katikati ya mifupa ya goti, mahali ambapo picha hutakiwa kuonyesha weusi mtupu, palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea. Akasema pale ndipo ilipo gegedu, ile nyama ngumu inayozuia mfupa usisuguane na mfupa, na ule weupe ni chumvi ya jamii ya chokaa iliyojijenga ndani yake miaka na miaka bila mtu kujua. Halafu akageuza karatasi ile ya zahanati, akachora nyuma yake. Upande mmoja akachora vitu vyembamba vyenye ncha. Akasema fuwele za gauti ziko hivi, kama sindano. Upande wa pili akachora vipande vifupi vya pembe nne, vimelala mshazari kama tofali lililoegemea ukuta.

"Baba yeye anazo hizi," akasema, akiweka kidole kwenye tofali. "Sindano hazipo hata moja."

Alieleza kwamba fuwele hizo zikichokozwa, labda na homa, labda na uchovu, labda bila sababu yoyote, mwili unazishambulia kama adui, na ndilo hilo joto na uvimbe. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliokwenda umri. Hautokani na nyama, hautokani na maharage, hautokani na pombe. Usaha hawakuuona, ila vijidudu vitaendelea kuangaliwa siku chache kwa uhakika. Atampa sindano ndani ya goti na vidonge vya muda mfupi, na nyumbani akandwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, sio maji ya moto.

Nilisikia hayo yote, na bado nikauliza swali langu. Nilimuuliza, "Kwa hiyo daktari, hakunywa?"

Alinitazama. Nadhani ndipo alipoelewa nyumba yetu ikoje. Akasema, "Mama, kwenye hadubini mimi sioni nani kanywa. Naona fuwele tu. Na hata zingekuwa za gauti yenyewe, wapo wanaoipata na hawajawahi kuonja maishani."

Mume wangu alikuwa anaangalia dirishani.

Alilazwa siku tatu. Vijidudu havikuota. Aliporudi nyumbani nilikuwa nimeshabandua ile orodha ukutani, nimechemsha maharage tangu asubuhi, nimeyaunga nazi kama anavyopenda. Akala taratibu, akaongeza. Mie sikula. Nilikaa kiti cha mbele yake nikamwomba msamaha. Sikuzunguka. Nilimwambia nilikuhukumu kwa shati, nilikuhukumu kwa karatasi, na nilikuanika mbele za watu kwenye sebule yako mwenyewe ukiwa kitandani unasikia. Nikalia, na mie silii ovyo. Nikamwambia Jumamosi hii nitasimama mbele ya jumuiya yote na nitasema mume wangu hakunywa, daktari amethibitisha, ni mie niliyekosea. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Nitakwenda na ile picha ikibidi.

Alimaliza tonge lake. Akanawa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado na bandeji. Akauliza, "Na kama ningekuwa nimekunywa kweli?"

Nikamwambia lakini hukunywa.

"Nakuuliza tu. Siku ile Kurasini, tuseme nilikunywa. Chupa mbili. Goti likavimba hivihivi. Ungenikanda?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana, neno fupi tu, na yeye angelipokea. Lakini nilimdanganya mtu huyu miezi mitano kwa kujidai namwombea, nikaona nisimwongezee na hili. Nikamwambia, "Nisingekukanda."

"Najua," akasema. Hakusema kwa hasira. "Ndiyo maana sikukuita siku ile ya vifungo vya shati."

Kule karakana walikuwa wanakata chuma. Kelele zilipokatika akaniomba kwamba Jumamosi nisiseme kama nilivyopanga. Nilishangaa, nikamuuliza anataka jina lake libaki vile. Akasema mle jumuiyani wamo wanaokunywa, anawajua na wanamjua, kwa sababu alikuwa mmoja wao. Nikisimama kutangaza kwamba yeye hakunywa, wale wataondoka na ujumbe mmoja tu, kwamba ukinywa huna haki ya kuuguzwa. Akasema yeye amelala na goti lile anaungua na huku nje anasemwa, na hajui lipi liliuma zaidi, na hataki mtu mwingine alale hivyo kwa ajili ya kusafisha jina lake.

"Usiwaambie sikunywa," akasema. "Waambie naumwa. Hilo ndilo hukuwaambia."

Ni kweli. Nilirudi nyuma katika kichwa changu hadi ile siku, neno kwa neno, na ni kweli. Nilitaja mambo ya zamani, nilitaja mwili unaosema. Sikusema popote kwamba mume wangu anaumwa.

Jumamosi tulikwenda. Alikuwa na mkongojo, akapewa kiti karibu na mlango. Watu walikuwa wameshasikia kwamba alilazwa, na nilijua walichokuwa wanafikiri kimemlaza nini. Tukasoma, tukaimba. Kiongozi akauliza nani ana ombi. Nikasimama, na ile sentensi yangu niliyoipanga, ya daktari na picha na ushahidi, ilikuwa mdomoni inanisukuma itoke. Ningeitoa wangenipigia makofi.

Nikasema, "Mume wangu anaumwa. Goti na mkono. Anapata maumivu makali sana. Naomba mumwombee."

Walisubiri niendelee. Kiongozi akaniuliza kama ni hilo tu. Nikamjibu ni hilo tu.